Je, wajua kwa nini Ujerumani ilileta jeshi Bagamoyo mwaka 1889?

Karibu na ufukwe wa Bagamoyo kuna makaburi ya Wajerumani yaliyozungushiwa ukuta. Miaka kadhaa iliyopita nilimpeleka pale mpwa wangu, wakati huo yuko kidato cha pili. Akasoma majina, akasoma miaka, kisha akaniuliza: "Mjomba, hawa walifuata nini huku mpaka wakafa?" Nikamjibu bila kusita kwamba serikali yao iliwatuma kukomesha biashara ya watumwa.

Nilikosea. Na kwa kuwa nimelisikia jibu hilo kwa watu wengi, wakiwemo wenye elimu kunishinda, nataka kulirekebisha taratibu. Siku hizi taifa kubwa likipeleka majeshi kwenye nchi yenye vurugu, barazani hapakosi ubishi: ana haki ya kuingilia au hana? Sisi watu wa pwani hii tuna mfano wetu wenyewe wa kuanzia.

Jibu langu halikutoka hewani. Tarehe 2 Februari 1889 Ujerumani ilipitisha sheria iliyotoa marki milioni 2 kwa ajili ya Afrika Mashariki, na kichwa cha sheria hiyo kilitaja kupambana na biashara ya watumwa. Kabla ya hapo, tangu Desemba 1888, manowari za Kijerumani na za Kiingereza zilikuwa zimeufunga mwambao, nazo zilisema zinazuia watumwa na silaha. Ukisoma karatasi hizo peke yake utaamini kama nilivyoamini. Lakini soma kichwa cha sheria mpaka mwisho: kupambana na biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani. Mimi nilikuwa nimeishia kwenye nusu ya kwanza.

Tena biashara ya watumwa ilikuwapo miaka na miaka bila Berlin kuleta kikosi cha nchi kavu. Kilichobadilika mwaka 1888 ni kwamba kampuni ya Kijerumani iliyotaka kuutawala mwambao ilikuwa inafukuzwa.

Kwa kifupi: Mjerumani Carl Peters alikusanya mikataba na machifu wa bara mwaka 1884, kampuni yake ikapewa barua ya ulinzi ya Kaisari, yaani mfalme wa Ujerumani, Februari 1885, na Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar akaikodisha ushuru wa forodha wa mwambao. Agosti mwaka huo kampuni ikaanza kazi. Pangani, mwakilishi wake Emil von Zelewski alitaka bendera ya kampuni ipandishwe, akagombana na liwali wa Sultani, na inasimuliwa kuwa watu wake waliingia msikitini na mbwa, siku za Idi. Pwani ikawaka. Abushiri bin Salim akaongoza Pangani, Bwana Heri akasimama Saadani. Kufikia mwisho wa mwaka kampuni ilikuwa imebakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu, tena kwa msaada wa manowari.

Sasa, mkuu wa serikali ya Ujerumani, Otto von Bismarck, hakuwa mpenda makoloni. Desemba 1888 msafiri mmoja, Eugen Wolf, alipomzungumzia ramani ya Afrika, alimjibu kwamba ramani yake ya Afrika iko Ulaya: Urusi upande huu, Ufaransa upande ule, na Ujerumani katikati. Mtu wa namna hiyo aliingiaje vitani Bagamoyo?

Fikiria udhamini wa mkopo. Kijana wa ukoo anakuja kwako na fomu. Haombi hela, anaomba sahihi. Unasaini, na siku hiyo hutoi hata senti. Ile barua ya 1885 ilikuwa sahihi ya namna hiyo, na Bismarck aliipenda kwa sababu haikumgharimu: wafanyabiashara watawale kwa fedha zao, serikali ikae pembeni. Kijana anakopa, anafungua duka, anawatukana wateja, duka linachomwa. Anayegongewa mlango ni wewe. Ukikataa kulipa, sokoni watajua kuwa sahihi yako haina uzito, na wewe una mikataba mingine mikubwa zaidi inayotegemea sahihi hiyohiyo. Kwa hiyo unalipa, si kwa kumpenda kijana, bali kwa kulinda jina lako.

Ila Bismarck hakuwa na hela mfukoni; ilibidi aliombe Bunge. Hapo ndipo watumwa wanapoingia. Ukipita nyumba kwa nyumba kuchangisha deni la mpwa wako, utarudi mikono mitupu. Ukichangisha kwa ajili ya yatima, watu watatoa. Mwaka huohuo Kardinali Lavigerie alikuwa akizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya utumwa, na Wakatoliki wa Ujerumani walimsikiliza. Ludwig Windthorst, kiongozi wa chama chao cha Zentrum, alipeleka hoja bungeni Desemba 1888. Kura zikapatikana.

Simaanishi kwamba wote walidanganya. Wapo waliolia kwa dhati kwa ajili ya watumwa. Wala upande wa Abushiri haukuwa wa malaika: yeye mwenyewe alikuwa na shamba la miwa, na mashamba ya Pangani yalilimwa na watumwa. Ninachosema ni kwamba huruma ilileta kura, na deni la kampuni ndilo lililochagua mahali pa kupiga mizinga.

Hata lile neno "jeshi la Wajerumani" linahitaji kuangaliwa. Hermann Wissmann, kamanda aliyetumwa na serikali, alikuja na maafisa wachache wa Kijerumani. Askari wake wengi walikuwa Wasudani wapatao 600 walioajiriwa Misri, watu waliopoteza kazi baada ya jeshi la Misri kushindwa na Mahdi, kiongozi wa dini aliyeongoza uasi kule Sudan. Wengine waliitwa Wazulu, nao walitolewa Msumbiji. Mei 1889 waliivunja boma ya Abushiri karibu na Bagamoyo, Julai wakachukua Pangani na Tanga. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Marki milioni 2 hazikutosha. Bunge likaombwa tena. Na Januari 1891 serikali ikaichukua nchi mikononi mwake, jambo lilelile ambalo ile barua ilikusudiwa kuliepuka.

Mpwa wangu sasa ni mtu mzima. Nilipomweleza haya yote aliuliza swali moja tu: "Basi utumwa waliukomesha lini?" Wajerumani hawakuukomesha. Walitoa hati za uhuru kwa mmojammoja, kisha wakaamuru kwamba watoto watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 wawe huru, lakini wazazi wao wakabaki watumwa mbele ya sheria. Ulifutwa kabisa mwaka 1922, chini ya Waingereza, miaka 33 baada ya ile sheria ya marki milioni 2.