Zana za maneno muhimu: namba zinazosomwa vibaya

Zana ya kutafutia maneno muhimu, yaani maneno ambayo watu huandika Google wanapotafuta kitu, haikosi jibu. Iandikie neno moja la kuanzia, itakurudishia mamia, kila moja likiwa na namba pembeni: linatafutwa mara ngapi, ushindani wake, ugumu wake, bei yake kwa watangazaji. Kupata orodha si kazi. Watu wanapotea kwenye kuzisoma namba zenyewe, kwa sababu kila moja imepatikana kwa njia yake na imewekwa kwa ajili ya mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo si wewe mwenye tovuti.

Dhana: “Zana imesema 1,000 kwa mwezi, basi watu 1,000 wanalitafuta neno hili.”

Hiyo namba ni wastani, na ni wa kukadiria. Google Keyword Planner, iliyomo ndani ya akaunti ya Google Ads (mfumo wa matangazo wa Google), huchukua miezi 12 na kutoa wastani wake. Maneno yanayokaribiana sana, kama yaliyokosewa tahajia, huweza kuhesabiwa kwa pamoja. Akaunti isiyolipia matangazo mara nyingi haipewi hata wastani huo, bali viwango vipana kama 100 hadi 1,000, au 1,000 hadi 10,000. Neno linalotafutwa mara 120 na linalotafutwa mara 950 hapo huonekana sawasawa.

Ahrefs na Semrush, zana za kampuni nyingine zisizo Google, nazo haziwezi kuingia kwenye kumbukumbu za ndani za Google. Hukadiria kwa kuchanganya vyanzo, ikiwemo data ya mienendo ya watumiaji wa intaneti inayonunuliwa kwa kampuni nyingine. Ndiyo maana neno moja linaweza kuandikwa 300 huku na 1,100 kule bila yeyote kudanganya. Kwa lugha zenye watumiaji wachache mtandaoni tofauti huwa kubwa zaidi, kwa kuwa sampuli yenyewe ni ndogo.

Wastani pia huficha msimu. Neno linalotafutwa mara 12,000 katika mwezi mmoja tu wa mwaka huandikwa 1,000 kwa mwezi, na anayelisoma hivyo atashangaa kuona miezi 11 ya ukimya. Kabla ya kulichagua, fungua grafu ya mwezi kwa mwezi. Ukurasa wa neno la msimu unatakiwa kuwa hewani wiki kadhaa kabla ya kilele, maana Google inahitaji muda wa kuufikia na kuupanga.

Je, namba hizo zitupwe? Hapana, zipimwe. Ikiwa tovuti yako ina angalau ukurasa mmoja unaokaa ukurasa wa kwanza wa matokeo ya neno ulilolipima kwenye zana, ingia Google Search Console (huduma ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi kurasa zake zinavyoonekana kwenye matokeo), fungua ripoti ya utendaji, chuja neno lile lile kwa nchi ile ile uliyochagua kwenye zana, kisha tazama limeonekana mara ngapi katika mwezi mzima. Kiungo kilicho ukurasa wa kwanza huhesabiwa kuwa kimeonekana matokeo yanapofunguka, hata kama mtafutaji hakushuka chini kukifikia, kwa hiyo idadi hiyo inakaribia sana idadi halisi ya utafutaji. Fanya hivyo kwa maneno 5 hadi 10. Ukiona zana inatoa karibu nusu ya hali halisi kila mara, umepata kipimo cha kuisahihishia. Ukiona inapanda na kushuka ovyo, basi kwa mada yako itumie kupanga maneno kwa mfuatano tu, lipi kubwa lipi dogo, na usiipe kazi nyingine.

Dhana: “Ushindani ni ‘juu’, kwa hiyo siwezi kulipata neno hili.”

Safu ya ushindani ya Keyword Planner inahusu matangazo ya kulipia. Inaeleza ni watangazaji wangapi wanaowania neno hilo ukilinganisha na maneno mengine, na haigusi kabisa matokeo ya kawaida yasiyolipiwa. Neno linaweza kuwa na ushindani wa chini kwa sababu tu halina biashara ndani yake, huku kurasa 10 za kwanza zikiwa ni ensaiklopidia na tovuti za serikali ambazo hutazing'oa. Kinyume chake pia hutokea. Safu hiyo ina faida moja kwa mwenye tovuti: ikisomwa pamoja na bei ya zabuni (kiasi ambacho watangazaji hutoa kuliwania neno), inaonyesha maneno ambayo watu hutafuta wakiwa tayari kutoa fedha.

Dhana: “Ugumu ni 15 kati ya 100, kwa hiyo ni rahisi.”

Rahisi kwa nani? Kipimo cha ugumu cha Ahrefs kinatokana na idadi ya tovuti zinazounganisha kwenda kwenye kurasa 10 za juu. Hakitazami ubora wa maandishi, wala hakijui kama tovuti yako ina mwezi mmoja au miaka 10. Semrush na Moz, zana nyingine ya aina hiyo, zina hesabu zao tofauti, hivyo 30 ya zana moja si 30 ya nyingine, na anayechanganya safu hizo kwenye jedwali moja anapanga vitu visivyolingana.

Kosa linaloumiza zaidi hapa ni maneno ambayo mtafutaji anataka kufika mahali maalumu. Anayeandika jina la kampuni pamoja na “ingia kwenye akaunti” anautaka mlango wa kampuni hiyo tu. Zana inaweza kuonyesha ugumu mdogo, kwa kuwa kurasa za kuingilia hazina viungo vingi, lakini hata ukifika nafasi ya pili hakuna atakayekubofya.

Hakuna njia ya mkato badala ya kufungua matokeo yenyewe na kuyasoma. Tumia dirisha la faragha la kivinjari ili historia yako isibadilishe unachokiona, kisha angalia mambo haya kwa kurasa 10 za kwanza:

- Ni za aina gani: mwongozo, duka, video, majibu ya majukwaani?
- Vichwa vyake vinajibu swali lenyewe au vinalipitia pembeni?
- Kuna tovuti ndogo inayolingana na yako? Ikiwemo hata moja, mlango upo.
- Maelezo yake yamepitwa na wakati?

Majukwaa na kurasa zinazozungumzia jambo jirani zikitawala, hiyo ni dalili kwamba bado hakuna aliyelijibu swali sawasawa. Zana haina namba ya jambo hilo.

Dhana: “Chagua neno linalotafutwa zaidi.”

Tuseme tovuti yako inahusu matengenezo ya simu. “Betri ya simu” litakuwa na namba kubwa, na anayeliandika anaweza kuwa ananunua, anataka kujua betri inavyofanya kazi, au anatafuta picha. “Betri ya simu imevimba nifanye nini” litakuwa na namba ndogo, lakini anayeliandika ameshika simu mkononi na ana shida moja inayojulikana. Ukurasa wa kumjibu unajulikana jinsi ya kuandikwa: azime simu, asiichaji, asiitoboe betri, aipeleke kwa fundi. Ukurasa wa “betri ya simu” hata wewe hutajua uanzie wapi.

Google yenyewe hukuonyesha inavyolielewa neno. Matokeo yakijaa maduka, makala yako ya maneno 2,000 haitaingia, hata iwe nzuri namna gani. Yakijaa miongozo, ukurasa wako wa bidhaa nao hautaingia. Neno ambalo matokeo yake ni ya aina tofauti na ukurasa unaoweza kuutengeneza, lifute kwenye orodha, hata kama namba zake zinatamanisha.

Dhana: “Neno lenye sifuri halina mtu.”

Sifuri ya zana maana yake ni kwamba data haikutosha kukadiria. Google imesema kwa miaka mingi kwamba takribani asilimia 15 ya utafutaji wa kila siku ni maneno ambayo haijawahi kuyaona kabla. Hakuna zana inayoweza kuwa nayo.

Kiswahili kinalikuza tatizo hili, kwa sababu kitenzi kimoja hubeba sura nyingi: “kutengeneza tovuti”, “jinsi ya kutengeneza tovuti”, “natengenezaje tovuti”, “namna ya kuunda website”. Usitegemee programu ikuunganishie sura hizo. Ingiza kila moja peke yake, pamoja na neno la Kiingereza ambalo watu hulichanganya humo humo, kisha jumlisha mwenyewe. Halafu andika neno la kuanzia kwenye kisanduku cha Google, acha nafasi, uongeze herufi moja moja kuanzia a, na unakili mapendekezo yanayojitokeza. Mapendekezo hayo yanatokana na utafutaji halisi, ingawa hubadilika kwa mahali na lugha. Jumbe za wateja ni chanzo kingine kizuri, tena kisicho na malipo: watu huandika Google kwa maneno yale yale wanayokuandikia wewe.

Kuna chanzo kinachoonekana kizuri na si kizuri. Kuiomba programu ya akili bandia ya kuzungumza nayo ikupe idadi ya utafutaji wa maneno ni kuomba namba za kubuni, isipokuwa kama imeunganishwa na zana yenye data hiyo. Itumie kupata maneno ya kuanzia na maswali ambayo hukuyafikiria. Namba zichukue kwingine.

Dhana: “Google Trends inaonyesha neno linatafutwa mara ngapi.”

Inaonyesha mwelekeo. Kilele cha kipindi ulichochagua hupewa 100, na mengine yote hupimwa kwa kilele hicho. Neno dogo na neno kubwa yote yanaweza kufika 100 yakitazamwa moja moja, kwa hiyo yaweke kwenye grafu moja ndipo ulinganishe. Trends hutumia sampuli, hivyo grafu ya neno dogo huruka juu na chini bila sababu ya maana. Mruko wa wiki moja usiufanyie kazi.

Dhana: “Kila neno liwe na ukurasa wake.”

Ushauri huu ulikuwa na mantiki zamani, Google ilipolinganisha herufi kwa herufi. Tangu mabadiliko ya Hummingbird mwaka 2013, na baadaye BERT mwaka 2019, inasoma maana ya sentensi. Kurasa tatu za “simu inapata joto”, “simu inachemka” na “kwa nini simu inapata moto” zitagombania nafasi moja, na kila moja itakuwa dhaifu kuliko ukurasa mmoja uliokamilika.

Namna ya kuamua ni hii: tafuta maneno mawili kwa zamu, ulinganishe kurasa 10 za kwanza. Zikifanana tatu au nne na zaidi, ukurasa mmoja unatosha kwa yote mawili. Ikiwa hakuna hata moja inayojirudia, hayo ni maswali mawili. Mpaka huo wa tatu au nne ni desturi ya wanaoifanya kazi hii, si kanuni ya Google. Kama kurasa zinazogombana tayari zipo, Search Console itakuonyesha neno moja likibadilishana kati ya anwani mbili. Unganisha maandishi kwenye ile yenye viungo vingi, na nyingine uielekeze huko kwa uelekezaji wa kudumu wa 301.

Kuna dhana tatu za zamani ambazo hazihitaji nafasi kubwa. Tagi ya meta ya maneno muhimu, ile orodha inayowekwa kwenye msimbo wa ukurasa bila msomaji kuiona: Google ilitangaza Septemba 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo. Asilimia maalumu ya kulirudia neno kwenye maandishi: haipo, na kulirundika neno ni kuvunja sera zake dhidi ya taka. “Maneno ya LSI”, yaani yanayodaiwa kukaribiana kimaana na neno kuu: Google imeshasema hakuna kitu kama hicho katika upangaji wake, japokuwa zana za kuyauza bado zipo.

Dhana: “Search Console inaonyesha maneno yote yanayoniletea watu.”

Maneno yaliyotafutwa na watu wachache mno hufichwa kwa ajili ya faragha, ndiyo maana jumla ya mibofyo ya jedwali huwa ndogo kuliko jumla iliyo juu ya grafu. Jedwali lenyewe huishia mistari 1,000, na data hukaa miezi 16 tu, kwa hiyo pakua nakala mara kwa mara. Kuvuka ile mistari 1,000, chuja kwa ukurasa mmoja mmoja, au tumia kichujio cha ruwaza (regex), ambamo alama | maana yake ni “au”, kwa mfano:

jinsi|namna|kwa nini|vipi|gani

Kitakutolea hasa maswali. Pakua miezi mitatu ya mwisho, panga kwenye lahajedwali, ubakize maneno yenye nafasi ya wastani kati ya 8 na 20 na yaliyoonekana mara nyingi. Hapo ndipo kazi hulipa haraka, kwani Google tayari imeukubali ukurasa wako kwa maneno hayo. Fungua ukurasa husika uangalie kama neno hilo limejibiwa kweli au limeguswa kwa bahati. Likiwa limeguswa tu, liongezee sehemu yake yenye kichwa kidogo na jibu kamili. Usibadilishe anwani ya ukurasa. Andika tarehe ya mabadiliko, na baada ya muda linganisha siku 28 za kabla na 28 za baada kwa neno hilo hilo na nchi hiyo hiyo. Ukiliacha neno la msimu bila kulilinganisha na kipindi kama hicho cha mwaka uliotangulia, utausifu au utaulaumu ukurasa kwa jambo lililoletwa na kalenda.