Champagne kwa treni, kwenda na kurudi siku hiyohiyo: anza na handaki, tiketi baadaye

Wengi wanaonitafuta kuhusu kwenda Champagne, mkoa wa Ufaransa inakotengenezwa shampeni, wakitokea Paris wanakuwa washanunua tiketi ya treni tayari, afu ndo wanauliza "sasa tukifika tuingie nyumba gani ya shampeni?", yaani kampuni gani inayoitengeneza. Hapo mambo yamekaa kichwa chini miguu juu. Treni za kwenda huko zipo kibao, kilicho haba ni nafasi ya kushuka kwenye mahandaki wanakolaza chupa, na mtembezaji anayeongea lugha unayoielewa, na zile nyumba kubwa wikiendi za kiangazi zinaweza kujaa mapema sana. Mimi mvinyo ndo kazi yangu, ndo inayonilipia kodi ya nyumba hapa Paris, na siku ya mgeni huwa naipanga kuanzia saa ya kushuka handakini kisha nahesabu kurudi nyuma mpaka saa ya kutoka kitandani. Buku ziara kwanza. Ukishapata uthibitisho kwenye imeili ndo ufungue ukurasa wa tiketi.

Sasa tiketi zenyewe, za kwenda Reims na Épernay, miji miwili ya Champagne yenye nyumba hizo. Kuna treni za aina mbili na tabia zao ni tofauti kabisa. TGV, ile ya mwendo kasi, inakutoa Paris mpaka Reims kwa kama dakika 45, lakini tiketi yake ni ya treni ile, saa ile, siti ile, na jina lako liko juu yake kwa hiyo tembea na kitambulisho, bei inapanda kadiri siku inavyokaribia, na milango inafungwa dakika mbili kabla ya muda, ukifika unahema huku inaondoka basi imeondoka. TER ni treni ya mkoa, inaenda Épernay moja kwa moja kwa kama saa moja na robo, haina namba ya siti, na hauadhibiwi bei kwa kununua siku yenyewe. Ushauri wangu unatoka hapo: tiketi ngumu weka asubuhi, laini weka jioni. Asubuhi uko fresh, unajua umelala wapi, umeweka alamu. Jioni umeonja onja, mtembezaji kapenda maswali yenu kawachelewesha nusu saa, mmoja wenu kaingia dukani hatoki, hapo ukiwa na TGV ya saa kumi na mbili na dakika fulani roho inakuwa juu juu na siku imeharibika.

Kwa hiyo njia ninayowapa watu wengi ni ya pembetatu. TGV asubuhi Paris mpaka Reims, mchana TER fupi Reims mpaka Épernay, kama nusu saa, jioni TER kutoka Épernay moja kwa moja mpaka Paris. Kinyume chake pia inawezekana, ila ndo unajifunga na TGV ya jioni, mi siipendi.

Stesheni ya kuondokea ni Gare de l'Est, metro namba 4, 5 na 7 zote zinafika. Wanaokuja na Eurostar kutoka London wanashukia Gare du Nord, kutoka pale ni mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu. Na kama umeshawahi kwenda kusuka Château d'Eau basi stesheni unaijua hata kama hujui kwamba unaijua, ni hapo hapo jirani.

Mtego mkubwa uko upande wa kushuka. Reims ina stesheni mbili za TGV. Unayoitaka ni Reims Centre, katikati ya mji kabisa. Ile nyingine inaitwa Champagne-Ardenne TGV, jina zuri la kumvutia mgeni, lakini iko nje ya mji huko Bezannes, na ukishuka pale inabidi upande tram au treni nyingine kuingia mjini. Tovuti ya tiketi inaweza kukuwekea hiyo kwa sababu tu bei yake ni nafuu kidogo, we soma jina vizuri kabla hujalipa. Ina faida kwa watu wa aina moja tu, wale wanaotua Charles de Gaulle na ndege ya asubuhi, maana kuna TGV zinazotoka chini ya uwanja wa ndege kwenda pale kwa kama nusu saa bila kugusa Paris. Ila kusema ukweli umeruka usiku kucha kutoka Nairobi halafu uende kuonja mvinyo, mi ningelala kwanza.

Ziara ya kwanza iweke saa nne na nusu au saa tano asubuhi, nasema saa za kwetu, kwenye karatasi itasomeka 10:30 au 11:00. Hiyo inakupa muda wa kupita kanisa kuu la Notre-Dame, robo saa kwa miguu kutoka stesheni. Ujenzi wake ulianza 1211 na ndipo wafalme wa Ufaransa walipokuwa wakitawazwa, wa mwisho Charles X mwaka 1825. Mlango wa kushoto mtafute malaika anayetabasamu, kichwa chake kilidondoka kwenye moto wa 1914 Wajerumani walipolipiga mizinga kanisa, kikaja kurudishwa. Ukiingia nenda mpaka nyuma kabisa kuna vioo vya bluu vya Marc Chagall vya 1974. Nusu saa inatosha, usianze kupiga picha kila nguzo.

Nyumba zenye mahandaki ya kale ziko kusini-mashariki ya mji: Taittinger, Veuve Clicquot, Pommery, na Ruinart ambayo ndo kongwe kuliko zote, 1729. Kutoka kanisani tembea au panda basi, usidhani ni mlango wa pili. Pale watu wa zamani walichimba mawe ya chaki kwa ajili ya kujengea, wakaacha mashimo marefu kama mita 30 kwenda chini, membamba juu mapana chini, na karne nyingi baadaye watu wa shampeni wakagundua kwamba humo ndani ni nyuzi 10 mpaka 12 mwaka mzima, giza, unyevunyevu, hakuna mtikisiko. Vita ya kwanza ya dunia wakazi wa Reims walihamia humo, mpaka shule ziliendeshwa humo. Beba sweta. Hata Julai, hata kama juu ni nyuzi 35, beba sweta. Na Pommery ni ngazi 116 kushuka na ni zilezile 116 kupanda, kwa hiyo ukiwa na mama mwenye magoti yanayosumbua mtafutie nyumba nyingine.

Ukiwa chini kuna kitu kimoja nataka ukiangalie kwa makini wakati wenzio wanapiga selfi. Ni zile mbao mbili zilizoegemeana zikiwa na matundu, chupa zimechomekwa shingo ndani. Kila chupa pale ilishakuwa mvinyo wa kawaida, ikaongezwa sukari kidogo na hamira ikafungwa kizibo cha chuma kama cha bia, hamira ikala sukari, hewa ikakosa pa kutokea ikabaki ndani ya mvinyo, na ndo mapovu hayo, presha kama mara sita ya hewa ya kawaida, ndo maana kioo cha chupa ya shampeni ni kinene hivyo. Hamira ikifa inabaki mashapo. Sheria inataka shampeni isiyoandikwa mwaka wa mavuno kwenye lebo ikae angalau miezi 15 kwenye chupa, 12 kati ya hiyo ikiwa juu ya mashapo, na iliyoandikwa mwaka ikae miaka mitatu, na ile ladha ya mkate mkate inatoka hapo. Sasa kuyatoa hayo mashapo ndo kazi. Mtu anashika vitako vya chupa mbili kwa wakati mmoja, mkono huku mkono kule, anazungusha kidogo tu na kuinamisha kidogo, anahamia mbili zinazofuata, tak tak tak, wiki kadhaa, mpaka mashapo yote yamekusanyika shingoni. Ubunifu huo unahusishwa na nyumba ya Veuve Clicquot, mama aliyefiwa na mume 1805 akiwa na miaka 27 akaishika biashara mwenyewe. Siku hizi kazi kubwa inafanywa na mashine, makreti yanajizungusha yenyewe, na mtembezaji mwaminifu atakwambia hivyo. Mwisho shingo inagandishwa, chupa inafunguliwa, kidonge cha barafu chenye mashapo kinaruka, wanajazia mvinyo wenye sukari kidogo au bila, kisha kizibo cha kweli kinaingia. Kiasi hicho cha sukari ndo kinaonyeshwa kwa jina kwenye lebo: Brut ni chini ya gramu 12 za sukari kwa lita, Extra Brut haizidi 6, na Demi-Sec inaanzia 32. Wengi wetu tuliozoea vinywaji vitamu Brut ya kwanza inawakunja sura. Si dhambi kuomba Demi-Sec, asikutishe mtu.

Kama kwenye msafara kuna asiyekunywa, na kwa watu wa pwani hilo ni la kawaida, asibaki hotelini. Handaki ni historia tosha. Uliza tu wakati wa kubuku kama kuna bei bila kuonja. Na anayekunywa naye ajue kutema kunaruhusiwa, ndoo iko pale kwa kazi hiyo, sisi wa kazini tunatema wote.

Mchana kula. Nasisitiza kwa sababu jiko la mgahawa wa kawaida Ufaransa linafunga saa nane, ukifika saa nane na nusu utaambiwa kahawa tu. Kama ni Jumamosi ingia Halles du Boulingrin, soko la 1929 lenye paa la upinde, nunua jibini, mkate, kuku wa kuchoma, maisha yameisha. Hapo uko karibu pia na jumba la makumbusho ambako Wajerumani walisaini kusalimu amri tarehe 7 Mei 1945, usiku wa manane, kwenye chumba cha shule, ramani bado ziko ukutani.

Na jingine ambalo watembezaji wa mvinyo hawakupeleki. Karibu na Pommery kuna bustani inaitwa Parc de Champagne, ndani yake pana mnara wa askari wa Kiafrika walioulinda mji huu 1918, wamemzunguka ofisa mzungu aliyeshika bendera. Wa kwanza ulijengwa 1924, Wajerumani wakaung'oa 1940, huu wa sasa ulisimamishwa 2013. Ukiwa na nusu saa kabla ya chakula pita.

Kisha Épernay. Ratiba ya TER hii iangalie usiku wa jana yake, maana mchana kunaweza kuwa na pengo refu kati ya treni na treni, na ndo pengo linalovunja mipango ya watu wengi. Njiani inapita chini ya mlima wa Reims, ukitokea upande wa pili mizabibu imejaa mpaka karibu na reli. Ukishuka Épernay, dakika tano kwa miguu uko Avenue de Champagne: Moët & Chandon ya 1743 yenye mahandaki ya kilomita 28 chini ya miguu yako, Perrier-Jouët, mnara wa de Castellane, na makumbusho ya shampeni kwenye kasri la Perrier. Ukipanda juu zaidi kuna Mercier, wana pipa kubwa lililokokotwa na maksai 24 mpaka Paris kwenye maonesho ya 1889, yale yale ya mnara wa Eiffel, na huko mahandakini wanatembeza wageni kwa kitreni, angalia tu kama wanapokea wageni tarehe zako.

Lakini ziara ya pili mimi singeifanya tena nyumba kubwa. Handaki la pili linafanana na la kwanza kuliko unavyodhani. Tafuta baa au duka linalouza shampeni za wakulima wenyewe, kaa, agiza glasi, ongea na mhudumu. Kwenye lebo chini kuna herufi mbili ndogo sana kabla ya namba: RM ni mkulima anayetengeneza kwa zabibu zake, NM ni nyumba inayonunua zabibu, CM ni ushirika. Kwa pesa ileile RM mara nyingi inakupa kitu chenye tabia zaidi, hayo ni maoni yangu na wauzaji wa nyumba kubwa hawayapendi.

Siku za kukwepa: Jumapili na Jumatatu milango mingi imefungwa, Januari na Februari nyumba kadhaa zinafunga kwa matengenezo, na kipindi cha mavuno, mwisho wa Agosti na Septemba, wakulima wadogo hawana muda na wewe, zabibu zote huku lazima zichumwe kwa mkono na ni mara moja tu kwa mwaka, siyo kama Dodoma wanakovuna mara mbili.

Treni ya jioni kaa kulia, maana mto Marne na vilima vya mizabibu vinakuwa upande huo kurudi Paris. Saa ya TER ya mwisho iandike mahali, usitegemee intaneti. Chupa nunua Épernay mwisho wa siku ili usizibebe kutwa, na kama unapanda ndege kurudi nyumbani zifunge kwenye nguo uziweke katikati ya begi la kukabidhi, kwenye begi la mkononi zitaishia kwa watu wa ukaguzi.