Duara ndani ya mraba: anza na kitovu

Ukimpa mwanafunzi mchoro wa duara ndani ya mraba, macho yake hukimbilia ukingo wa duara. Mimi husema uache ukingo kwanza. Weka nukta kwenye kitovu, kisha chora mstari kutoka hapo hadi kila mahali duara linapogusa kitu. Mstari huo ukifika kwenye upande unaoguswa, huunda nyuzi 90. Pythagoras hataki zaidi ya hapo.

Swali la kawaida halina makeke. Duara likigusa pande zote nne, kipenyo chake ndio upande wa mraba. Upande ukiwa sm 14, nusukipenyo ni sm 7, eneo la duara ni sm² 154, na vipande vinne vya kwenye kona vina jumla ya sm² 42. (Hapo pai ni 22/7, iliyo kubwa kidogo kuliko pai yenyewe; kikokotoo kitakupa 153.94.) Mraba uwe mkubwa au mdogo, duara huchukua takribani asilimia 78.5 ya eneo lake.

Utamu uko kwenye swali hili: mraba una upande wa sm 8, na duara linapita kwenye kona mbili za chini huku likigusa upande wa juu. Nusukipenyo ni ngapi? Wengi hujibu 4 bila kukokotoa, kwa mazoea tu. Kitovu kiko kwenye mstari wa katikati, umbali r kutoka upande wa juu, kwa hiyo kimebakiza 8 − r kufika chini. Kiunganishe na kona moja ya chini: umepata pembetatu mraba yenye pande 4, 8 − r na r.

r² = 4² + (8 − r)²

r² pande zote mbili zinaondoka, inabaki 16r = 80, basi r = 5. Pembetatu yenyewe kumbe ni ile ya 3, 4, 5. Na duara hili halikai lote ndani: linachomoza sm 1 kushoto na kulia, na sm 2 chini. Ndiyo maana anayeamini mchoro uliochorwa ovyo hupotea.

Sasa rudi kwenye mraba wa sm 14 na duara lake. Kwenye kona moja, bana duara dogo linalogusa pande mbili na lile kubwa. Mtego ni huu: kutoka duara kubwa hadi kona kuna 7√2 − 7, kama sm 2.9, na mtu hugawa kwa mbili akapata 1.45. Lakini duara dogo haliifikii kona! Shika vitovu: umbali kati yao ni 7 + r, kwa kuwa maduara yanagusana. Tena, ukipima kwa kufuata pande, vimeachana 7 − r kwa mlalo na 7 − r kwa wima. Basi:

(7 − r)√2 = 7 + r

Jibu ni r = 7(3 − 2√2), karibu sm 1.2.

Ukibana jingine tena kati ya hilo dogo na kona, usianze upya. Mchoro ni uleule uliopunguzwa, hivyo zidisha tena kwa 3 − 2√2: milimita 2 na ushei.