Todaiji: lilichomwa na samurai, likajengwa kwa mali ya samurai

Usiku wa tarehe 15 Januari 1181, jeshi la ukoo wa samurai wa Taira lilikuwa limeshaingia Nara, mji wa mahekalu ya Kibudha nchini Japani. Masimulizi ya kale yanasema kamanda wake, Taira no Shigehira, alitaka mwanga wa kupigania, nyumba za raia zikatiwa moto, na upepo mkali ukamaliza kazi. Hekalu la Kofukuji likateketea. Hekalu la Todaiji nalo likashika moto, pamoja na watu waliokuwa wamejificha juu katika Ukumbi wa Budha Mkuu. Sanamu ya shaba ya Budha huyo, iliyozinduliwa mwaka 752, ikayeyuka, kichwa kikaanguka.

Ilikuwa ajali? Wanahistoria bado wanavutana. Mimi natazama kilichofuata: Taira waliyapokonya mahekalu hayo mashamba yao. Maana Nara haikuwa mahali pa kuvuta tasbihi tu. Mahekalu yake makubwa yalikuwa na ardhi mikoani na watawa waliobeba silaha, na mwaka 1180 Kofukuji iliegemea upande wa Mwanamfalme Mochihito alipowainukia Taira. Kiyomori, baba yake Shigehira na mkuu wa ukoo, alikufa kwa homa kali mwaka huohuo wa 1181, mashamba yakarudishwa. (Watu wa Nara hawakuhitaji kuuliza homa hiyo imetoka wapi.) Shigehira alitekwa vitani Ichi-no-Tani mwaka 1184, mwaka uliofuata akakabidhiwa kwa watawa wa Nara, akakatwa kichwa.

Kazi ya kujenga upya alipewa Chogen, mtawa aliyekwishatimiza miaka 60, na mzee huyo alijua kuchangisha. Alizunguka nchi akiomba kwa wakubwa na wadogo, akapewa mapato ya mkoa wa Suo, magharibi mwa Japani, ambako magogo ya nguzo yaliteremshwa kwa mto hadi baharini. Minamoto no Yoritomo, adui wa Taira, alitoa koku 10,000 za mchele na ryo 1,000 za dhahabu (koku na ryo ni vipimo vya kale vya Japani). Sadaka, ndiyo, lakini pia tangazo: walichoma wale, tunajenga sisi.

Mwaka 1185 Mfalme mstaafu Go-Shirakawa aliizindua sanamu iliyosubiwa upya kwa kuichora macho, kwa brashi ileile iliyotumika mwaka 752. Ukumbi ulizinduliwa mwaka 1195, Yoritomo akihudhuria na askari wake. Aliomba kuonana na Chen Heqing, fundi Mchina aliyeisubu sanamu upya. Chen akakataa: bwana huyu ameua watu wengi mno. Yoritomo akampelekea zawadi, zikiwemo deraya na farasi. Deraya Chen aliitoa itengenezewe misumari ya ujenzi; zawadi nyingi nyingine akazirudisha.

Ukumbi huo uliungua tena mwaka 1567, bwana wa vita Matsunaga Hisahide alipopigana na viongozi watatu wa ukoo wa Miyoshi, na wa sasa, wa mwaka 1709, ni mwembamba zaidi. Ukitaka kazi ya Chogen yenyewe, simama chini ya Lango Kuu la Kusini la mwaka 1199 utazame juu. Halina dari, kwa hiyo utaona boriti zilivyopenyezwa katikati ya nguzo, moja juu ya nyingine, hadi paani.