Je, wajua? Kwa nini mapaja huuma kesho yake, na kwa nini kushuka ngazi kunauma kuliko kupanda

Jumanne moja, wiki ya kwanza ya muhula, nilikuwa nimesimama chini ya ngazi za jengo la madarasa nikamwona binti wa darasa la saba anashuka kinyumenyume. Mkono mmoja ameshika kishikio, mwingine ameshika paja, na kila akikanyaga kipandio cha chini anafumba macho. Alipofika akasema, "Shikamoo mwalimu." Nikaitikia, nikamuuliza kulikoni. Jana yake, kwenye kipindi cha michezo, niliwarusha kichura uwanja mzima, kwenda na kurudi, mara nne. Akaniambia: "Mwalimu, mbona kupanda napanda, kushuka ndiyo siwezi?"

Nikampa jibu nililofundishwa na mimi. Misuli imejaa asidi, nikamwambia. Asidi hiyo hutengenezwa mwili unapokosa hewa ya kutosha, na dawa yake ni kukimbia tena ili itoke. Jibu hilo nimelirudia kwa miaka mbele ya watoto wa Dar es Salaam, na makocha wengi wa mitaani bado wanalitoa kila Jumamosi pale Coco Beach. Si kweli. Na swali la binti yule lilikuwa tayari linalikataa: kama paja limejaa asidi, limejaa wakati wa kupanda na limejaa wakati wa kushuka. Kwa nini basi liume upande mmoja tu wa safari?

Tuanze na asidi yenyewe, maana imesingiziwa mengi. Ni asidi ya laktiki, ileile inayoufanya mtindi uwe mchachu. Mkemia Carl Wilhelm Scheele wa Sweden aliipata kwenye maziwa yaliyochacha mwaka 1780, na jina lake limetokana na neno la Kilatini la maziwa. Mwaka 1907, huko Cambridge, Uingereza, Walter Fletcher na Frederick Hopkins waliichosha misuli ya chura wakaona asidi hiyo imelundikana ndani yake. Walipoiweka misuli kwenye oksijeni, asidi ikapungua. Lilikuwa jaribio zuri. Lakini lilihusu uchovu wa papo hapo. Maumivu ya kesho yake hayakupimwa pale hata kidogo, ila watu wakayabeba yote mawili kwenye kapu moja, na kapu likafika hadi kwenye vyuo vyetu vya ualimu.

Kinachoiangusha hoja ya asidi kwanza ni saa. Mtoto akikimbia kwa nguvu, kiwango cha laktiki kwenye damu hupanda kweli. Akipumzika, hushuka, na kwa kawaida ndani ya saa moja hivi kimerudi kilipokuwa. Kipindi kikiisha saa nne asubuhi, kabla mtoto hajala chakula cha mchana mambo yameshatulia. Maumivu yenyewe ndiyo kwanza yako njiani: huanza saa kadhaa baadaye, huamka naye kesho yake, na hufika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu.

Tena laktiki haiondoki kama taka inayomwagwa. Moyo huichoma kama mafuta, na ini huichukua na kuitengeneza upya kuwa sukari. Mzunguko huo wa kati ya misuli na ini unaitwa kwa jina la mume na mke, Carl na Gerty Cori, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Yale maumivu ya kuunguza unayoyasikia mita za mwisho za mbio za mita 400 yanaweza kuhusiana na tindikali inayojengeka ndani ya msuli wakati ule, ingawa hata hapo wataalamu wanataja na mengine. Hayo ni ya dakika ileile, na hayavuki usiku.

Jaribio lililonimaliza kabisa lilichapishwa mwaka 1983. Wanaume wachache walikimbia dakika 45 kwenye mashine, mara moja ikiwa tambarare na mara nyingine ikiwa imeinamishwa kama mteremko wa asilimia 10. Walipokimbia tambarare laktiki ilipanda, na kesho yake hawakuumwa. Walipokimbia mteremko laktiki haikupanda, na kesho yake waliumwa vibaya. Nililisoma mara mbili nikidhani nimechanganya mistari. Pale penye asidi hapakuwa na maumivu, na penye maumivu hapakuwa na asidi.

Mbona basi kosa hili halifi? Nadhani ni kwa sababu dawa yake inafanya kazi kidogo. Ukimkimbiza mtoto polepole siku inayofuata, maumivu hupoa kweli kwa muda. Misuli imepata moto, damu inatembea, fahamu za maumivu zimetulizwa na mwendo. Akikaa nusu saa, yanarudi. Mimi niliona ile nafuu ya muda nikasema: unaona, asidi imetoka.

Sasa turudi kwenye ngazi. Msuli unaweza kufanya kazi huku unafupika, huku umetulia palepale, au huku unarefushwa kwa nguvu wakati wenyewe unakataa. Hilo la tatu ndilo kiini cha habari nzima. Ukipanda ngazi, misuli ya mbele ya paja inafupika na kukuinua. Ukishuka, misuli ileile inarefuka, lakini haijaachia, inakuzuia usiporomoke. Inafanya kazi ya breki. Ndivyo ilivyo unaposhuka mteremko wa Mlimani kutoka Chuo Kikuu, unaporuka chini kutoka kwenye daladala iliyojaa, na zaidi ya yote unapotua kutoka kwenye ruko la kichura, mwili wote ukidondokea mapaja mawili yaliyokunjwa.

Fikiria mchezo wa kuvuta kamba. Timu yenu ikiwa inashinda, kila mkono unaachia kwa hiari, unakwenda mbele kidogo, unashika tena na kuvuta. Ndivyo msuli unavyofupika: ndani yake kuna vishikio vidogo sana vya protini vinavyoshika, kuvuta, kuachia na kushika tena. Sasa timu yenu inaburutwa, na mmeapa hamwachii. Mkono hauachii kwa hiari tena. Kamba inachomolewa kiganjani. Kila aliyewahi kuburutwa hivyo kwenye mchanga wa uwanja wa shule anajua viganja vinavyokuwa jioni.

Ongeza jambo moja linalonishangaza hadi leo. Kwenye kazi ya kuburutwa mwili huita wavutaji wachache zaidi. Kwa mzigo uleule, nyuzi za msuli zinazoamshwa wakati wa kuushusha ni pungufu kuliko wakati wa kuuinua, kwa hiyo kila uzi unabeba sehemu kubwa zaidi. Nishati inayotumika ni ndogo, pumzi haipandi, mtoto anaona ni mteremko tu, anacheka. Kazi iliyo nyepesi kwa mapafu ndiyo nzito kwa nyuzi.

Na ndani ya kila uzi, vipande vinavyovuta vimeungana kwa maelfu, kimoja nyuma ya kingine. Kila kimoja kina urefu wa kama sehemu 2 hadi 3 tu za elfu ya milimita. Wapange watoto mstari mmoja wameshikana mikono, kisha uwavute walioko mwisho wa pande zote mbili. Mstari hautanuki sawasawa. Wale wenye mshiko dhaifu ndio wanaonyooka kwanza, vidole vinateleza, mara hapa mara pale pamekatika, huku wengine bado wamekaza. Kwenye darubini, misuli iliyofanyishwa kazi ya kushuka huonekana hivyo: mistari iliyokuwa imenyooka imepinda na kuchanika sehemu ndogondogo. Mmarekani Theodore Hough alishasema mwaka 1902 kwamba maumivu ya aina hii huenda ni michaniko midogo ndani ya msuli. Miaka mitano kabla ya vyura wa Cambridge!

Baada ya hapo mwili unaanza ukarabati. Maji hukusanyika, chembe za kusafisha huingia, na fahamu za maumivu sehemu ile huwa kali kuliko kawaida, ndiyo maana hata kuguswa kunauma. Shughuli hiyo huchukua saa nyingi, na ndiyo inayochelewesha maumivu. Hapa lazima niseme kwa uangalifu: kiasi cha michaniko hakilingani vizuri na kiasi cha maumivu. Kuna misuli inayoonekana imeumia sana na mwenyewe haumwi sana, na kinyume chake. Baadhi ya watafiti wanaelekeza macho kwenye utando unaoizunguka misuli zaidi ya nyuzi zenyewe. Kwamba chanzo ni kurefushwa kwa nguvu, hapo hawabishani.

Unaweza kujipima mwenyewe. Panda na kushuka kwenye kiti imara au benchi kwa dakika kumi na tano, kila mara ukipanda kwa mguu wa kushoto na kushuka ukiwa umeegemea wa kulia, hadi wa kushoto uguse chini. Yaani kulia iwe ya kushusha tu. Kesho utajua ni paja lipi lililofanya breki. Majaribio ya namna hii yalifanyika London miaka ya 1980, na mguu ulioumwa ulikuwa ule wa kushusha.

Habari njema ni kwamba msuli ukishaonja kazi hii mara moja hujikinga. Rudia mazoezi yaleyale wiki moja au mbili baadaye na maumivu yatakuwa madogo mno, na kinga hiyo hukaa wiki kadhaa. Hata dozi ndogo ya mwanzo huleta sehemu ya kinga. Kunyoosha misuli kabla au baada ya mazoezi, ambako nilikuwa nakutegemea kama chanjo, kumepimwa mara nyingi: hupunguza maumivu kwa chini ya alama 5 kati ya 100. Nakuendeleza kwa sababu nyingine, si hiyo.

Tafiti chache zilizowalinganisha watoto na watu wazima kwenye kuruka zinaonyesha watoto wadogo huumwa kidogo kuliko watu wazima. Wangu wa darasa la saba walikuwa wakubwa kiasi, na dozi niliyowapa baada ya likizo ya mwezi mzima ilikuwa kubwa bila sababu. Ndiyo maana naomba walimu wenzangu tuache kuruka kichura kuwa adhabu. Mtoto asiyezoea, akirushwa mara mia kwa hasira, anaweza kuvunja misuli kiasi cha kuhatarisha figo. Mkojo ukiwa wa kahawia kama chai ya rangi, paja likavimba na kuwa gumu, huyo ni wa hospitali siku hiyohiyo. Na mtoto mwenye selimundu akisema anaumwa baada ya mazoezi, usimwambie ni ya kawaida. Maumivu yake yanaweza kuwa na chanzo kingine na yanahitaji daktari.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Hawafiki huko kama Jumatatu ya kwanza tunawalemaza na Jumatatu ya pili wanaleta barua kwamba wanaumwa tumbo. Siku hizi wiki ya kwanza ya muhula naanza na ruko nane tu, yenye kutua taratibu, magoti yakikunjwa nusu. Wiki ya pili kumi na tano. Wiki ya tatu ndipo tunavuka uwanja. Jumanne asubuhi nasimama palepale chini ya ngazi, nawatazama wanavyoshuka.