Je, wajua kwa nini Uingereza ililazimika kuandika upya sheria ya simu kwa madereva?

Mwaka 2017, dereva mmoja alipita penye ajali magharibi mwa London. Akatoa simu, akairekodi ajali ile huku gari likienda. Polisi wakamwona, akashtakiwa, akatiwa hatiani. Akakata rufaa, akashinda. Waendesha mashtaka wakaenda Mahakama Kuu, na Julai 2019 wakashindwa tena.

Aliponaje, na simu ilikuwa mkononi mchana kweupe? Marufuku ile ilianza tarehe 1 Desemba 2003, enzi za simu za vitufe, ambazo watu walizitumia zaidi kupiga na kutuma meseji. Basi kosa likaandikwa kuwa ni kuitumia simu iliyo mkononi kwa mawasiliano. Video ya dereva yule haikutumwa kwa mtu, ilibaki ndani ya simu. Majaji walisoma kilichoandikwa, basi. Ila hawakumbariki mtu: walisema anayerekodi akiendesha anaweza kushtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu, au hata kwa njia ya hatari. Tatizo, hapo ni lazima kuthibitisha kwamba uendeshaji wenyewe ulikuwa mbovu, na hiyo ni kazi.

Pengo likazibwa tarehe 25 Machi 2022. Sasa kuitumia simu ukiwa umeishika ni kosa, iwe na mtandao au isiwe nao: kupiga picha, kutafuta wimbo, kucheza gemu, hata kuwasha kioo uangalie saa. Kusimama kwenye taa nyekundu au foleni hakukuokoi. Faini ni pauni 200 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni, na kwa aliyefaulu mtihani chini ya miaka 2 iliyopita, pointi hizo zinatosha kumfutia leseni. Unaruhusiwa kupiga 999 kwa dharura kama si salama kusimama, na kulipa kwa simu kwenye dirisha la mgahawa, gari likiwa limesimama.

Simu iliyobanwa kwenye dashibodi sheria haikuigusa, na mimi hapo sijaridhika. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Soma meseji kwa sekunde 5, umepita mita 110 bila kuona njia, hata kama mikono yote miwili iko kwenye usukani. Silaha iliyobaki kwa polisi ni kosa jingine, la kutolimudu gari ipasavyo.