Chakula cha Hisani Mwanza kwa Majiko ya Sudan: Hesabu Zinazotangulia Kadi

Kazi yangu ni uhasibu, na kamati nyingi za harambee hapa Mwanza huniita nizipangie vitabu, iwe ni kwa ajili ya zahanati, kanisa au msikiti. Kamati inayoandaa chakula cha jioni cha kuchangia vuguvugu la demokrasia la Sudan huja na swali ambalo nyingine hazina: fedha zikishapatikana, ni nani hasa atakayezipokea, na tutathibitishaje kwamba zimefika?

Maandamano ya Sudan yaliyoanza Desemba 2018, Atbara ikiwa miongoni mwa miji ya mwanzo baada ya bei ya mkate kupanda, yaliishia kwa Rais Omar al-Bashir kuondolewa madarakani tarehe 11 Aprili 2019. Katika miaka hiyo uti wa mgongo wa vuguvugu ulikuwa kamati za upinzani za mitaa, yaani vijana wanaoishi pamoja na kujuana. Jeshi lilipoipindua serikali ya mpito tarehe 25 Oktoba 2021, kamati hizo zilirudi barabarani. Na vita kati ya jeshi na kikosi cha wanamgambo cha RSF (Rapid Support Forces) vilipozuka tarehe 15 Aprili 2023, wengi wa vijana haohao walianzisha “vyumba vya dharura”, yaani vikundi vya kujitolea vya mitaa, ambavyo huendesha majiko ya kuwapikia majirani maharage na adesi na kuwasaidia majeruhi kupata matibabu. Anayeuliza kama mchango huu ni wa siasa au wa chakula anatenganisha mambo ambayo huko yamo mikononi mwa watu walewale. Hata hivyo, mimi hushauri kadi iseme waziwazi kwamba fedha ni za majiko, kwa sababu mgeni anayetoka Nyakato au Kirumba ana haki ya kujua anachochangia.

Hesabu ya ukumbini ni fupi. Tuseme kadi 120 za shilingi 50,000 zimeuzwa zote: hizo ni 6,000,000. Chakula, ukumbi na muziki vikila 30,000 kwa kila mgeni, zinabaki 2,400,000 tu, na ndiyo maana kamati hutegemea mnada (sato mmoja wa kukaanga huweza kupanda mpaka bei ya mbuzi, ukumbi mzima ukicheka) pamoja na ahadi. Ahadi ni deni, lakini katika vitabu vyangu haihesabiwi kuwa fedha mpaka iingie benki. Kama ningeamua mimi, bendi ingeachwa na wageni wangeanza kwa bakuli la adesi na mkate.

Ugumu uko kwenye kutuma. Akaunti iwe ya kikundi, yenye watia saini wasiopungua watatu, kwa kuwa chini ya sheria ya mwaka 2006 ya kudhibiti utakasishaji wa fedha haramu benki inapaswa kumtambua mteja wake, na itataka kujua fedha zimetoka wapi na zinakwenda kufanya nini. Ndani ya Sudan, fedha nyingi za majiko hupitia Bankak, programu ya simu ya Benki ya Khartoum, ambayo hukwama mtandao unapokatika, kama ilivyotokea sehemu kubwa ya nchi Februari 2024. Mahali ambapo noti ni adimu, wafanyabiashara hukata kamisheni ili kulibadili salio la simu kuwa fedha taslimu. Kamisheni hiyo iandikwe katika mstari wake, isifichwe ndani ya bei ya maharage.

Halafu kuna stakabadhi. Mhasibu amezoea kudai jina na saini ya mpokeaji, lakini wahudumu wa vyumba hivyo wamekamatwa, na wengine kuuawa, huku pande zote mbili za vita zikilaumiwa. Orodha ya majina inayosambaa katika makundi ya simu huku kwetu inaweza kumfikia asiyestahili kuiona. Hapo huwa nakubali utaratibu mwingine: jiko lipewe namba badala ya jina, ripoti itaje tarehe, idadi ya sahani na bei za sokoni za siku hiyo, na picha zioneshe sufuria bila sura za watu. Majina yabaki kwa mtu mmoja au wawili wanaowasiliana na chumba husika. Wachangiaji wachache hulalamika kwamba huo si uwazi. Mimi huwaonesha salio la benki, hati ya kutuma, kiwango cha kubadilishia fedha na ripoti ya jiko, vyote vikiwa na namba moja ya kumbukumbu, kisha mkaguzi asiye mjumbe wa kamati huvilinganisha kabla ya awamu ya pili ya fedha kutumwa.